Kabla Hujaanza Uhandisi Ukiwa Askari wa Akiba

Kila Agosti, orodha za waliopata nafasi vyuoni hapa Uganda zikitoka, simu yangu haipumziki. "Afande, nimepata sivil," yaani uhandisi wa ujenzi, "nifanyeje?" Majibu ni yaleyale, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Soma yote kabla hujalipa hata shilingi.

Kozi kwanza. Hakikisha imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, kisha uliza kama digrii hiyo inakubalika kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Uliza kabla ya kulipa, si ukiwa mwaka wa tatu. Kama fizikia na hisabati zilikuangusha kidato cha sita, pitia diploma: vyuo vya ufundi kama Elgon, Kichwamba na Lira vimetoa wahandisi wengi tu, wala usione haya.

Ada. Posho ya wito, ile unayopata jeshi likikuita kambini, si ada, maana hujui wito utakuja lini wala utadumu siku ngapi. Bodi ya mikopo ya wanafunzi iliyoundwa kwa sheria ya 2014 inakopesha watu wa sayansi, uhandisi ukiwemo, lakini pesa zinaenda chuoni. Chumba na posho ya kula ni juu yako.

Kombati haiendi darasani. Silaha haikaribii hosteli. Hapo sina maelezo ya kuongeza.

Sasa tulia, maana hili ndilo lililonila mwaka mzima.

Nilikuwa mwaka wa pili, muhula wa pili. Wito ulikuja wiki mbili kabla ya mitihani: mafunzo ya kujikumbusha, wiki tatu. Nikampigia kamanda, nikamweleza. Akasema, "Hakuna shida kijana, tutaongea na chuo." Nikamkuta mhadhiri kwenye korido, nikamwambia nitakuwa kambini. Naye akasema sawa. Nikapanda basi na "sawa" mbili mfukoni, nikajiona nimemaliza kazi.

Kamanda hakunidanganya. Alihamishwa wiki ileile, ahadi akaenda nayo. Mhadhiri naye ana wanafunzi zaidi ya mia moja, angenikumbukaje? Chuo kilidhani jeshi litaandika, jeshi likadhani mwanafunzi mwenyewe keshamaliza. Mimi katikati nilikuwa nachimba handaki.

Niliporudi, kichwa kimenyolewa, matokeo yalikuwa ukutani. Somo la miundo: kazi za muhula 29 kati ya 40, mtihani sifuri kati ya 60. Kufaulu ni 50. Nikakimbilia kikosini kuomba barua, nikaipata, muhuri wa bluu safi kabisa, nikaipeleka ofisi ya msajili kama mtu anayepeleka mahari. Yule mama karani akavaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Mwanangu, barua imeandikwa tarehe ngapi?"

"Tarehe 19."

"Na mtihani ulikuwa lini?"

"Tarehe 6."

Akaikunja taratibu, akanirudishia. Hakunigombeza hata, na hilo ndilo lililoniuma.

Ungedhani ni riteki moja tu, somo la kurudia, unalirudia unasonga mbele. Kwenye uhandisi masomo yameshikana mikono. Bila miundo ya kwanza husomi ya pili, na bila ya pili husomi usanifu wa zege. Na ile ya kwanza inafundishwa mara moja kwa mwaka. Wenzangu walivaa majoho, mimi nilikuwa bado nakokotoa mzigo wa boriti. Mbuzi aliyetengwa kwa sherehe yangu aliuzwa kulipia ada ya mwaka wa ziada. Mama hakusema neno, ila kamba ya mbuzi aliiacha mlangoni muda mrefu.

Basi fanya hivi. Ratiba ya mitihani ikitoka, siku hiyohiyo mwandikie kamanda barua yenye tarehe zote, ipitie kwa karani wa kikosi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wito ukija, omba ulioandikwa. Upeleke kwa mkuu wa idara na kwa msajili KABLA hujapanda gari. Kama unaondoka usiku, mwachie dada yako au mwenzako wa chumba nakala na nauli ya boda, apeleke kesho asubuhi arudi na muhuri. Picha ya WhatsApp haina muhuri. Ukiona mafunzo yatakula nusu ya muhula, omba kuahirisha muhula mzima kwa maandishi. Ni afadhali muhula uliosimamishwa kuliko sifuri uliyojipatia kwa kukosekana.

Na usijaribu njia nyingine, ya kukwepa wito kwa sababu ya mtihani. Sheria ya UPDF, jeshi letu la Uganda, ya 2005 inatambua jeshi la kawaida na jeshi la akiba, na ukiitwa rasmi umeitwa. Omba ruhusa, usijifiche.

Mazoezi ya viwandani wakati wa likizo nayo yana tarehe zake, na kambi nyingi hupenda likizo pia. Tafuta nafasi mapema, mwambie msimamizi wa kiwandani ukweli kuhusu wito, na kitabu cha kumbukumbu za kazi kisainiwe kila wiki, si siku ya mwisho.

Mengine madogomadogo. Vitabu vifunge kwenye plastiki, kambini mvua inaingia hadi ndani ya begi. Usipige picha kambini za kuwaonyesha wanadarasa. Usikope kwa askari mwenzako ukitegemea posho ambayo naye anaitegemea. Namba ya karani wa kikosi na ya ofisi ya idara ziandike kwenye daftari, maana simu pale Old Taxi Park, kituo cha teksi cha Kampala, inatoka mfukoni bila kuaga. Nakala za barua ziwe tatu, moja iache kwa mama.