Kitabu kimoja shule nzima: namna ya kukisoma mpaka wanafunzi watoke wafanye kitu

Hii kitu ya watu wengi kusoma kitabu kimoja kwa pamoja si ngeni. Seattle kule Marekani walianza na mji mzima mwaka 1998, maktaba ikachagua riwaya moja watu wakaisoma halafu wakakutana kuijadili, shule nazo zikachukua hiyo idea zikaongeza kipande chao, yaani baada ya kusoma wanafunzi watoke wakahudumie watu. Sisi huku Kenya tuko na CSL kwenye mtaala, huduma kwa jamii, na tusidanganyane, shule nyingi zinaimaliza kwa kuokota takataka sokoni Ijumaa moja, piga picha, andika ripoti, kwisha. Kitabu kinaweza kuipa hiyo kazi kichwa na miguu lakini inategemea unakiendesha vipi, kwa hiyo wacha niseme hatua kwa hatua vile mimi ningekuambia ukija staffroom.

Kwanza kitabu chenyewe

Nitatumia mfano mmoja ndio tuelewane: A Long Walk to Water cha Linda Sue Park, kilitoka 2010. Ni kifupi, sura 18 tu, Kiingereza chake mtoto wa Gredi ya 7 anakimudu bila kamusi. Kuna Salva Dut, huyu ni mtu wa kweli, Mdinka wa kusini mwa Sudan, mwaka 1985 ana miaka 11 yuko darasani risasi zinaanza kulia, mwalimu anawaambia kimbieni msituni msirudi nyumbani. Anatembea mpaka Ethiopia, mwaka 1991 wanafukuzwa kambini wanavuka mto Gilo wenye mamba huku wanapigwa risasi, kisha anawaongoza vijana zaidi ya elfu moja kwa miguu mpaka Kenya. Baadaye anapelekwa Marekani, na mwaka 2003 anaanzisha shirika la kuchimba visima kwao, Water for South Sudan. Upande wa pili kuna Nya, msichana wa Kinuer mwaka 2008, huyu amebuniwa, kazi yake ni kwenda kuteka maji bwawani mara mbili kwa siku na siku inaisha hivyo hivyo.

Nakipenda kwa sababu kinapita hapa kwetu, Salva alikaa kambi za wakimbizi za Kakuma, Turkana hiyo, na Ifo kule Dadaab, kwa hiyo mtoto anaweza kuweka kidole kwenye ramani ya Kenya akakifuata. Halafu anayesaidia ni mtu aliyewahi kuhitaji msaada mwenyewe, si mgeni ameshuka na ndege.

Sasa sikia, shule nyingi sana Marekani zinasoma hiki kitabu na mwisho wa kusoma wanachanga pesa za kisima. Kwao iko sawa manake Nya yuko mbali. Lakini wewe uko sehemu kavu kama Ganze, au Kinango, au Kitui huko, Nya ameketi dawati la tatu na amekuja shule bila kuoga kwa sababu maji ya jana yalikuwa ya kupika. Ukiendesha kitabu kama vile ni habari za kuhurumia maskini wa mbali utamuaibisha, na utapoteza mtu anayejua hiyo mada kukushinda. Huduma ianzie kwa kile wanafunzi wenyewe wanakijua, huruma itajipeleka.

Na kabla hujalipia nakala hata moja kichunguze kitabu, hasa vile vya kweli vinavyosimulia shujaa aliyeokoa watu. Three Cups of Tea cha Greg Mortenson kilisomwa na shule kibao Marekani, kinahusu kujenga shule Pakistan na Afghanistan, watoto wakachanga senti zao kupitia mpango ulioitwa Pennies for Peace. Aprili 2011 kipindi cha televisheni ya Marekani, 60 Minutes, kikahoji ukweli wa baadhi ya visa vyake na matumizi ya pesa za shirika lake, mwanasheria mkuu wa jimbo la Montana akachunguza, mwaka uliofuata Mortenson akakubali kurudishia shirika dola kama milioni moja. Wewe hebu fikiria ule uso wa mtoto aliyevunja kibubu chake. Tafuta jina la mwandishi na la shirika kwenye intaneti dakika kumi tu, soma na wanaokipinga.

Nakala hazitoshi, sasa?

Hazitatosha, zoea. Fotokopi ya kitabu kizima usipige, ni wizi wa haki ya mwandishi na ukipiga hesabu ya karatasi na wino hata bei haipishani sana. Nakala tano sita zinaendesha shule kama mnasoma kwa sauti. Sura mbili kwa wiki, wiki tisa umemaliza, kwa hiyo fanya muhula wa kwanza au wa pili, muhula wa tatu ni mfupi na mitihani inakula kila kitu. Kila darasa lichague wasomaji wawili, wafanye mazoezi prepu siku moja kabla, wasome baada ya chakula cha mchana kabla usingizi haujawashika. Usisome wewe. Yaani mwalimu akisoma inakuwa somo, mwanafunzi akisoma wenzake wanasikiliza wamcheke akikosea na katikati ya kucheka hadithi inaingia.

Mjadala uwe kwa Kiswahili au lugha ya mama hata kama kitabu ni cha Kiingereza, hapa usishike sheria za lugha, mtoto hawezi kukueleza vile nyumbani wanagawana maji huku anatafuta maneno. Swali moja linatosha kwa kikao na lisiwe la mtihani. Kwa sura ambayo Akeer dadake Nya anaugua tumbo kwa maji machafu mimi ningeuliza tu: nyumbani kwenu mtoto akiharisha mnafanya nini kwanza? Nyamaza, ngoja. Watasema.

Mwishoni inajulikana kwamba aliyeleta kisima kijijini kwa kina Nya ni Salva, Mdinka amewachimbia Wanuer, na hao wamepigana miaka na miaka. Hapo msiharakishe, kwenye nchi yetu hii kila darasa lina mtu ambaye mzazi wake amemwambia kabila fulani usiwaamini. Na angalia pia kama una wanafunzi waliokimbia vita au machafuko, kwenye kitabu ami yake Salva anapigwa risasi, rafiki yake anachukuliwa na simba, ongea na huyo mwanafunzi pembeni mapema na umpe ruhusa ya kutoka bila kuulizwa.

Siku ya ndoo

Hii usiiruke. Katikati ya kitabu toeni ndoo na mitungi ya lita 20 uwanjani, ijazeni, hiyo ni kilo 20 za maji peke yake. Kila mtu atembee nayo kutoka bomba mpaka mlingoti wa bendera na kurudi, mmoja anashika saa. Wavulana wataanza na kelele nyingi, wataibeba kwa mkono mmoja, wakifika nusu wamebadilisha mkono na suruali imelowa. Halafu atakuja msichana mmoja mdogo wa mwili, anasokota leso yake inakuwa kata, anaiweka kichwani, anavunja kijitawi cha majani anakielesha juu ya maji yasirukeruke, anainama, anasimama, anaenda. Mwambie afundishe. Siku hiyo yeye ndiye mwalimu na hakuna cha kuongezea.

Kisha wapeni kazi ya wiki moja ya kuandika: nyumbani nani anateka, wapi, dakika ngapi kwenda na kurudi, mtungi shilingi ngapi ukinunua kwa mwenye mkokoteni, yanatibiwa au yananyweka hivyo hivyo. Majina yasiandikwe. Mwalimu wa hesabu awachoree grafu na kwa mwalimu wa jiografia wachore ramani, hapo utakuwa umewavuta walimu wawili ambao walikuwa wanakuangalia tu.

Kuchagua huduma

Wachague wao kutokana na ile ramani, wewe kazi yako ni kukataa vile vya hatari na vya kujionyesha. Mtoto asiingie kisimani wala kwenye silanga, lile bwawa la kuchimbwa, kutoa matope, hiyo ni kazi ya watu wazima wenye kamba. Barua kwa wazazi, mwalimu mkuu ajue, bodi ijue, na kama mnaenda kijijini mwambieni mzee wa mtaa mapema, si siku hiyo hiyo asubuhi.

Vinavyofanyika bila bajeti kubwa viko. Vibuyu chirizi vya kunawa mikono kando ya vyoo vya shule ya msingi jirani, mtungi wa lita 5, kamba, kijiti cha kukanyaga na sabuni iliyotobolewa ikaning'inizwa. Kufundisha nyumba kwa nyumba kutibu maji: kuchemsha, dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, au kama hakuna kuni wala pesa basi chupa angavu ya plastiki, maji yachujwe kwa kitambaa yasiwe na tope, ilazwe juu ya bati kwenye jua kwa muda wa saa sita, kukiwa na mawingu siku mbili mfululizo.

Ninayoipenda zaidi ni maji ya paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, wape hiyo tu halafu waachie utepe wa kupimia. Jengo la mita 16 kwa 8 ni mita za mraba 128, mvua ya milimita 20 ikipiga ni lita 2,560, toa moja ya tano inayopotea unabaki na kama 2,000. Wanafunzi wakipata hiyo namba wanatazama juu wanaona gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, imening'inia nusu, imeota nyasi, na wanaanza kuuliza maswali ambayo mwalimu mkuu hatayafurahia sana. Barua kwa bodi waandike wao na hesabu waambatishe, kutengeneza gata ni kazi ya fundi, kusafisha tenki kabla ya masika na kumwaga yale maji ya mwanzo yanayoosha paa wanaweza kusimamia wenyewe.

Jambo lingine ambalo halisemwi. Shule zetu zimetumia kuteka maji na kufyeka kama adhabu miaka yote, sasa mwanafunzi ukimwambia twende tukahudumie watu na kazi ni ile ile ya wachelewaji atakuona muongo. Kwa hiyo muda wa mradi hakuna anayepewa adhabu ya maji, kubalianeni na mwalimu wa nidhamu kabisa. Na zamu ya kuteka iwe ya wote, mkishasoma Nya halafu wasichana ndio wanabeba na wavulana wanapiga picha mtakuwa hamkusoma kitu. Kuhusu picha zenyewe, pigeni gata, tenki, kibuyu chirizi. Mama wa watu anayepewa sabuni muacheni, hakuomba kuwa kwenye status ya mtu.

Kwa ripoti ya CSL kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa nini kilikataa, manake vilivyofaulu huandikwa na kila mtu vikifanana. Na kabla hamjafunga shule amueni nani anabaki na ufunguo wa tenki na nani ananunua mpira wa bomba likianza kuvuja, andikeni jina la cheo si la mtu, manake wanafunzi wa darasa la mwisho wataondoka.

Mkitaka cha mwaka ujao, Unbowed cha Wangari Maathai kinakwenda vizuri na upandaji miti kwa wale wakubwa, na cha William Kamkwamba wa Malawi aliyejenga kinu cha upepo baada ya kukosa karo, The Boy Who Harnessed the Wind, kinafaa kama shule iko na kijana mmoja wa kushika bisibisi na stoo ya vyuma vikuukuu.