Namna ya Kulitazama Jengo la Chuo Kikuu cha Chernivtsi

Anayetaka kulielewa jengo kuu la Chuo Kikuu cha Chernivtsi, magharibi mwa Ukraine, na aanze kwa kutenganisha historia mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Chuo kilianzishwa mwaka 1875 kwa idhini ya Kaisari Franz Joseph, Bukovina, eneo ulimo mji wa Chernivtsi, ilipokuwa chini ya utawala wa Austria, na masomo yakatolewa kwa Kijerumani. Jengo lenyewe halikukusudiwa kuwa chuo kikuu: lilijengwa kati ya 1864 na 1882 liwe makao ya askofu mkuu wa Kiorthodoksi, kwa michoro ya Josef Hlávka, msanifu majengo wa Kicheki. Lilikabidhiwa chuo mwaka 1955, enzi ya Wasovieti, nacho wakati huo kilikuwa kimekwisha kufundisha kwa Kiromania na kufikia kufundisha kwa Kiukraine.

Ukishalishika hilo, ingia uani na usimame kabla ya kuuendea mlango wowote. Makao ya askofu, seminari yenye kanisa lake, na nyumba ya watawa yenye mnara wa saa vimepangwa kuuzunguka ua huo, kwa hiyo papo hapo unaweza kubaini kila sehemu ilifanya kazi gani: kutawala, kufundisha na kupokea wageni.

Kisha inua macho utazame paa, na hapa nakusihi usiharakishe. Vigae vya rangi vilivyong'arishwa vimepangwa kwa nakshi zinazokumbusha vitambaa vinavyofumwa na wenyeji wa Bukovina, na kwangu mimi hapo ndipo msanifu aliyetoka mbali alipoonyesha heshima yake kwa wenyeji kuliko mahali pengine pote. Shuka taratibu hadi kwenye kuta za matofali mekundu, ukitafuta alama za mitindo mitatu ya zamani ya ujenzi: kuba la kanisa lenye asili ya Kibizantini, kisha matao ya mviringo ya Kiromaneski, kisha dalili za Kigothi, kama vile matao yaliyochongoka. Mchanganyiko huo ulikuwa wa makusudi, na ni miongoni mwa sababu zilizoifanya UNESCO kuliorodhesha jengo hili mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia.

Ndani, anza na Ukumbi wa Marumaru, zamani ukumbi wa sinodi, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa. Moto wa mwaka 1944 uliuharibu vibaya. Basi chunguza mapambo yake ukijua kwamba unatazama kazi ya warekebishaji pamoja na ya Hlávka.