Kabla Hujachomwa Sindano ya Urembo Usoni

Anza na anayekuchoma. Awe daktari au muuguzi mwenye leseni, na leseni hiyo uihakikishe kwenye rejista ya baraza lake, usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Saluni, sebuleni kwa mtu, chumba cha hoteli: hapana. Una mimba au unanyonyesha? Subiri. Una kidonda, jipu au chunusi zilizovimba pale pale pa kuchomwa? Subiri pia.

Pili, jua unachochomwa, maana watu huchanganya. Botox na wenzake ni sumu ya botulinamu katika kipimo kidogo mno. Inalegeza msuli ili ngozi ya juu yake isijikunje, huanza kuonekana baada ya siku kadhaa na hudumu miezi 3 au 4. Fila haina kazi na msuli. Ni jeli ya kujaza palipobonyea, na nyingi ni za asidi ya hayaluroniki. Kipimo cha chapa moja ya botulinamu si kipimo cha nyingine: yuniti 20 za Botox si sawa na yuniti 20 za Dysport, kwa hiyo usiende na hesabu ya rafiki yako.

Bei ikiwa ya kutupwa, uliza kilichomo kwenye kichupa. Mwaka 2004 huko Florida, watu 4 walilazwa wakiwa wamepooza baada ya kuchomwa sumu ya botulinamu iliyotengenezwa kwa ajili ya maabara, si kwa binadamu. Mmoja wao ni huyo huyo aliyewachoma wenzake.

Taja dawa zote unazotumia, hata zile unazoziona za kawaida. Aspirini, ibuprofeni na mafuta ya samaki huongeza michubuko. Lakini dawa ya kuzuia damu kuganda uliyoandikiwa na daktari usijiachishe mwenyewe kwa sababu ya midomo. Ugonjwa wa kudhoofika misuli useme kabla ya yote. Kama hutokwa na malengelenge mdomoni mara kwa mara, omba vidonge vya kuyazuia kabla ya fila ya midomo. Miadi ya meno isogeze mbali, wiki 2 kabla au baada.

Sasa hili la dawa ya kuyeyusha fila, na hapa nitakuchosha kidogo.

Mdogo wangu alichomwa fila kwenye mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Alitoka analalamika kwamba upande mmoja unauma kuliko mwingine, na pembeni ya pua ngozi imepauka. Mhudumu akasema ni kawaida, nenda kaweke barafu. Usiku ule weupe ukageuka michirizi ya zambarau iliyosambaa kama wavu, kuanzia tundu la pua mpaka mdomo wa juu. Tukapiga simu, tukajibiwa yale yale: michubuko, barafu. Asubuhi tulikuwa kwa daktari wa ngozi. Akabonyeza kidole pale, akaachia, akatazama damu inavyorudi. Haikurudi upesi. Jeli ilikuwa imeziba mshipa, ngozi inakosa damu, na barafu tuliyokesha tukiiweka inabana mishipa zaidi.

Swali lake la kwanza: walikuchoma nini? Hakuna aliyejua. Hatukuwa na boksi, stika wala karatasi. Tulipowapigia wenyewe wakataja chapa moja, muda si mrefu wakataja nyingine. Daktari akaamua kuanza na hayaluronidezi, kimeng'enya kinachovunjavunja asidi ya hayaluroniki, akamchoma dozi baada ya dozi huku akikanda na kuweka vitambaa vya uvuguvugu. Ngozi nyingi ilipona. Pembeni mwa tundu la pua pamebaki kovu. Baadaye ndipo tukaambiwa kwamba pale alipochomwa kwanza hawakuwahi kuwa na hata kichupa kimoja cha dawa hiyo.

Kwa hiyo kabla hujalala kwenye kiti, uliza: hayaluronidezi mnayo? Niione. Tarehe yake haijapita? Nani atapokea simu yangu saa nane za usiku? Akikasirika, chukua mkoba wako. Piga picha boksi pamoja na namba ya bechi. Uliza pia kama fila yenyewe ni ya kuyeyuka, maana zile za kalsiamu kimeng'enya hiki hakiziyeyushi. Silikoni ya maji ikatae kabisa.

Pua na katikati ya nyusi ndiyo sehemu za kufikiria mara mbili. Mishipa ya hapo imeungana na ile inayolisha jicho, na jeli ikisukumwa ikarudi nyuma, mtu anaweza kupofuka papo hapo, na mara nyingi asione tena maisha yake yote.

Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Mwaka 2024 Marekani ilitoa taarifa ya wateja wa spa moja huko New Mexico waliopata virusi vya ukimwi baada ya kuchomwa usoni damu yao wenyewe kwa ajili ya urembo. Vile vifaa vya kupuliza fila bila sindano, vinavyouzwa mtandaoni, usiviguse. Kujichoma mwenyewe kwa kufuata video sitaki hata kusikia.

Usifanye wiki ya harusi, uvimbe na michubuko haviangalii kalenda. Ukishachomwa, usisugue uso, usilale kifudifudi, acha mvuke na mazoezi makali siku hiyo. Usinywe pombe. Jitazame kwenye mwanga wa kutosha jioni, na tena asubuhi: weupe, michirizi au maumivu yanayozidi ni ya kurudi mara moja. Ukiona ukungu machoni baada ya fila, usirudi kliniki, nenda hospitali ya dharura. Vivyo hivyo kwa Botox, ukishindwa kumeza, sauti ikibadilika au pumzi ikiwa nzito, hata kama zimepita wiki kadhaa. Nenda na ile picha ya boksi.