Kusikiliza droni zinazopita chini kwa maiki: pa kuanzia

Droni ikipita chini rada inapata tabu kuiona, miti na vilima vinaikinga, ila mlio wake haufichiki kirahisi. Ukraine wametapakaza maelfu ya sensa za sauti, yani vifaa vya kunasa mlio, nchi nzima, mtandao unaitwa Sky Fortress, ulianza na maiki na simu tu juu ya nguzo, kila sensa kama dola 400 hadi 500 hivi, na taarifa zinawafikia vijana wenye bunduki kwenye pikapu wanaozitungua Shahed, zile droni za kulipuka ambazo Urusi inawarushia.

We ukitaka kujaribu kwako chukua maiki, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na betri. Maiki ivalishe sponji, hii usiipuuze kabisa maana upepo ndo unaharibu kila kitu, iweke juu mbali na barabara na jenereta. Halafu fungua programu inayochora sauti. Propela ya mapanga mawili ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inatoa mlio wa hezi 200, yani mitetemo 200 kwa sekunde, juu yake unaona 400, 600, 800, mistari imepangana kama meno ya chanuo. Bodaboda nayo inachora mistari hivohivo lakini ikibadili gia mistari inapanda na kushuka, wakati Shahed inanguruma vilevile muda mrefu.

Maiki moja itakwambia droni ipo tu. Kujua iko wapi weka vituo vitatu au vinne vilivyoachana, unalinganisha nani kasikia kwanza na kwa tofauti gani, na hapa saa ndo kila kitu jamani, sauti inaenda kama mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20, kwahiyo saa zikipishana sekunde moja tu umekosea mita mia tatu na kitu. Tumia saa ya GPS.

Na kumbuka mlio unachelewa. Shahed inaenda kama kilomita 180 kwa saa, yani mita 50 kwa sekunde, ikiwa kilomita moja toka ulipo mlio unakufikia baada ya sekunde 3 hivi, huku yenyewe ishasogea mita 150, so tafuta mbele ya pale unaposikia.

Kabla hujaiamini mitambo yako, rekodi kwanza kelele za mtaani kwako, mashine ya kusaga, bajaji, mvua ya bati, uifundishe programu izizoee. Maongezi ya watu usiyahifadhi, bakisha namba za mlio tu.