SOMO: Majukumu ya watumiaji na kategoria zenye matawi (kwenye kanzidata ya PostgreSQL)

Mfano wetu ni soko la mtandaoni. Soko Lote (1) lina Elektroniki (2), ndani yake Simu (3), ndani yake Chaja (4). Tunataka mhariri wa Simu aweze kuhariri Chaja pia, lakini asiguse Nguo.

Hatua ya 1: kategoria. Jedwali moja linatosha: id, mzazi_id, jina. mzazi_id ni ufunguo wa kigeni (foreign key) unaorudi kwenye jedwali hilohilo, ON DELETE RESTRICT, yaani mzazi mwenye watoto hafutiki. Weka faharasa (index) kwenye mzazi_id kwa mkono, maana PostgreSQL haiwekei funguo za kigeni faharasa yenyewe. Ongeza UNIQUE (mzazi_id, jina).

Usiruke mstari wa Soko Lote. Bila mzizi huo, kila kategoria ya juu itakuwa na mzazi_id tupu, na kwa UNIQUE ya kawaida NULL mbili hazihesabiwi kuwa sawa. Utajikuta na "Elektroniki" mbili na kanzidata haijalalamika.

Hatua ya 2: majukumu. Usiweke safu ya "jukumu" kwenye jedwali la watumiaji. Siku mtu akiwa mhariri na pia mhasibu, utakwama. Tengeneza majukumu (id, jina), majukumu_ruhusa (jukumu_id, ruhusa) na watumiaji_majukumu (mtumiaji_id, jukumu_id, kategoria_id). Safu zote tatu za jedwali la mwisho ni ufunguo mkuu (primary key) kwa pamoja.

Hapa ndipo wengi huumia. Huacha kategoria_id iwe tupu kumaanisha "kote", kisha huweka ON DELETE SET NULL, yaani kategoria ikifutwa safu hiyo inaachwa tupu. Siku kategoria ya Simu ikifutwa, mhariri wa Simu anageuka mhariri wa soko zima! Msimamizi mkuu mpe kategoria 1, na safu hiyo iwe NOT NULL.

Hatua ya 3: kukagua ruhusa. Anza kwenye kategoria husika (hapa Chaja, 4), panda hadi mzizi, ukimkagua mtumiaji namba 42:

```
WITH RECURSIVE njia AS (
  SELECT id, mzazi_id FROM kategoria WHERE id = 4
  UNION
  SELECT k.id, k.mzazi_id FROM kategoria k
  JOIN njia n ON k.id = n.mzazi_id
)
SELECT 1 FROM njia n
JOIN watumiaji_majukumu wm ON wm.kategoria_id = n.id
JOIN majukumu_ruhusa mr ON mr.jukumu_id = wm.jukumu_id
WHERE wm.mtumiaji_id = 42
  AND mr.ruhusa = 'bidhaa.hariri'
LIMIT 1;
```

Programu iulize ruhusa, isiulize "je, huyu ni mhariri?" Ukibadilisha kazi za mhariri, utagusa mistari ya majukumu_ruhusa tu.

MASWALI

*Mkuu, kwa nini tusiweke safu tatu tu: kategoria, kategoria ndogo, ndogo zaidi?*

Mfanyabiashara akitaka ngazi ya nne, utabadilisha jedwali, fomu na amri zote. Kwa mzazi_id unaongeza mstari mmoja.

*Natumia MySQL 5.7, inakataa WITH RECURSIVE.*

Imeanza toleo la 8.0, kwa MariaDB ni 10.2. Ukishindwa kupandisha toleo, ongeza safu ya njia, mfano '/1/2/3/', utafute kwa LIKE '/1/2/%'. Mkwaju (/) wa mwisho ni lazima: ukiandika '/1/2%' utazoa na /1/20/. Ukihamisha tawi, sahihisha njia za vizazi vyake vyote ndani ya muamala (transaction) mmoja.

*Mtu kahamishia Simu chini ya Chaja, ukurasa wa kategoria haufunguki tena.*

Umepata duara. Nimeandika UNION badala ya UNION ALL kwa sababu hiyo: mistari inayojirudia hutupwa, amri inasimama. Lakini ukiongeza safu ya kina (namba ya ngazi), kila mzunguko unaonekana mpya na kinga hiyo inapotea. Dawa ni kuzuia kabla: panda kutoka kwa mzazi mpya, na ukikuta id ya tawi linalohamishwa, kataa. Funga mstari wa mzizi kwanza kwa SELECT ... FOR UPDATE, la sivyo watu wawili wakihamisha kwa wakati mmoja, kila mmoja atapita ukaguzi na duara litatokea vilevile.