Kabla hujanunua boksi la kadi za filamu

Kama unakusanya kadi za filamu, zile kadi ndogo zenye picha za filamu na waigizaji wake, na umeanza kuyatamani yale maboksi ya bei kali, mfano Star Wars Masterwork, kadi za filamu za Star Wars kutoka kampuni ya Topps, ushauri wangu ni huu: achana na boksi, nunua kadi moja moja. Boksi ni bahati nasibu. Unalipa hela nyingi kwa kadi chache, na kadi yenye saini utakayoikuta ndani huenda ikawa ya mwigizaji usiyemkumbuka hata sura. Kwa hela hiyohiyo unaweza kuitafuta saini ya yule unayempenda hasa, tena ukiwa umeiona kabla ya kulipa.

Ukiipata, ikague vizuri. Je, mwigizaji ametia saini kwenye kadi yenyewe, au kwenye stika iliyobandikwa juu yake baadaye? Wakusanyaji wengi huipenda zaidi ile ya kwanza. Tazama namba iliyoandikwa kwenye kadi: 07/25 maana yake zimechapwa 25 tu. Kisha iinamishe kwenye mwanga, uangalie pembe zote nne. Pembe ikiwa imechubuka na kuonyesha weupe, omba upunguziwe.

Na za bei nafuu usizidharau. Seti ya kwanza ya Star Wars ya mwaka 1977, yenye ukingo wa buluu, kadi 66 na stika 11, iliuzwa kwenye pakiti pamoja na chingamu. Hiyo ukiipanga mezani kadi kwa kadi, filamu nzima inakupitia machoni. Raha hiyo sijaipata kwenye boksi lolote la bei mbaya.