Kurekodi Mombasa ya vizazi vitatu: matamshi, mapishi na nyimbo za nyumba moja

Ukitaka kuona Mombasa ilivyobadilika kizazi hadi kizazi, anza na nyumba moja. Tafuta nyanya au babu aliyezaliwa kabla ya 1955, mtoto wake, na mjukuu wa miaka 16 au zaidi. Watu watatu wa damu moja wanafaa kuliko thelathini waliookotwa barabarani, kwa sababu Mombasa ni mitaa mingi. Mtu wa Kibokoni, wa Majengo, wa Likoni na wa Mikindani hawasemi sawa hata wakiwa rika moja. Ukiwachanganya utadhani umepata tofauti ya vizazi, kumbe ni ya mitaa.

Kwa kila mmoja andika mwaka wa kuzaliwa, mtaa aliokulia mpaka miaka 12, lugha ya mama yake, na mtu aliyemlea mchana wazazi walipokuwa kazini. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Mtoto aliyelelewa na nyanya hubeba matamshi ya nyanya, na mwenye yaya wa bara hubeba ya yaya, hata kama wote wawili wanalala chumba kimoja.

Kabla ya chochote, eleza unachorekodi, nani atasikiliza, na kwamba mwenye sauti ana haki ya kusema "futa" hata mwaka ujao. Ukishakubaliwa ndipo utoe mashine.

Sauti

Simu inatosha, lakini tumia programu inayohifadhi WAV, kilohezi 44.1, biti 16, mono. Saa 1 itachukua megabaiti 320 hivi. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: hubana sauti, na kinachopotea ni ile pumzi ndogo ya p na k unayoitafuta. Simu iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Weka hali ya ndege. Zima feni, ingawa ni joto, maana muungurumo wake hukaa chini ya kila neno na hautoki vizuri baadaye. Angalia saa ya adhana, upange vipindi vya dakika 30 kati ya sala na sala.

Sasa tatizo kubwa. Mkutano wa 1928 uliofanyika papa hapa Mombasa ndio uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja mjini, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Tangu hapo shule imefundisha kwamba "macho" ndiyo sahihi, si "mato." Kwa hiyo mzee aliyesoma akiiona mashine hugeuka mwalimu, na Kimvita chake, yaani lahaja ya Mombasa, hukimbia. Dakika 10 za kwanza zihesabu kuwa za kupasha moto. Usizitumie katika hesabu. Mwache azungumze na mtu wake wa siku zote kuhusu jambo lenye moto ndani yake: mahari, mpira, bei ya samaki.

Baada ya mazungumzo, fanya zoezi la kutaja. Weka kitu mbele yake au mwoneshe picha, uulize "hiki ni nini?" au "wanafanya nini?" Usilitaje neno kwanza. Ukisema "mchele," nyanya atajibu "mchele" kwa adabu tu, na umeharibu. Maneno haya hufanya kazi vizuri, la kushoto likiwa la sanifu na la kulia la Kimvita:

kichwa – kitwa
macho – mato
mchele – mtele
mchanga – mtanga
njia – ndia
nje – nde
kucheka – kuteka
kucheza – kuteza
kuchinja – kutinda
kuvunja – kuvunda
nyanya (ya mchuzi) – tungule

Tungule ni neno zima lililobadilishwa, si sauti. Lihesabu peke yake. Sauti na msamiati havibadiliki kwa mwendo mmoja. Mjukuu anaweza kusema "tungule" kila siku sokoni na asiseme "mato" hata mara moja.

Kwa pumzi, kata ukanda wa tishu wa sentimita 2 kwa 10, uushike sentimita 5 mbele ya midomo yake. Mwambie ataje paa la nyumba, kisha paa wa porini. Kwa msemaji wa Kimvita wa zamani, paa wa porini huupeperusha ukanda na paa la nyumba huuacha umetulia. Kaa la moto na kaa wa baharini hutofautiana vivyo hivyo, wa baharini akiwa mwenye pumzi, ila k haisukumi karatasi kama p. Hapo tegemea rekodi. Tofauti ya t ya meno na t ya ufizi ni ngumu zaidi. Usiihukumu kwa sikio lako peke yako: mpe mtu wa pili asikilize kwa spika za masikioni bila kumwambia ni nani anayesema.

Mjukuu mrekodi mara mbili: akiongea na nyanya yake, na akiwa na wenzake bila wewe chumbani. Vijana wengi wana ndimi mbili na hubadilisha mlangoni. Ukichukua moja tu utaandika ama kwamba Kimvita kimekufa ama kwamba hakijaguswa, na yote mawili ni uongo. Katika hesabu, kila sauti iwe na mifano 20 au zaidi kwa kila mtu. Chini ya hapo usitoe asilimia.

Jikoni

Chagua chakula ambacho rika zote tatu hupika kwa mikono yao. Mahamri yanafaa kuliko biriani, maana biriani siku hizi mara nyingi ni kazi ya mpishi wa kukodiwa. Kila mmoja apike siku yake, bila wengine kuwapo. Binti akimwona mama akipika ataiga, na tofauti itafichika. Kila mtu atumie viungo anavyonunua mwenyewe. Ukimletea kila mtu unga na tui la aina moja umefuta nusu ya mabadiliko unayoyatafuta.

Usimsimamishe mpishi apime. Pima vyombo: weka mfuko wa unga, kopo la sukari na chupa ya mafuta kwenye mizani kabla hajaanza, kisha upime tena akimaliza. Tofauti ndiyo kiasi alichotumia. Kwa njia hii "kiasi tu" na "mpaka mkono ukubali" hugeuka gramu bila kumkera mtu. Mzee akitaja kibaba, usikigeuze kwa kitabu (vibaba vinne ni pishi moja, lakini makopo ya dukani hayalingani). Mwombe chombo chenyewe, ukijaze, upime.

Uwe na kipimo cha kulinganishia: unga wa ngano gramu 500, sukari 100, hamira vijiko 2 vya chai, iliki punje 10 zilizotwangwa, tui mililita 280 hadi 300. Unga ukandwe dakika 10, uumuke saa 1 hadi 2, usukumwe unene wa nusu sentimita, vipande vipumzike dakika 20, kisha vikaangwe karaini kwenye mafuta ya nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Andika kila mpishi anapotoka kwenye mstari huo na kwa nini. Mahali pa kuangalia sana ni tui. Anayekuna nazi kwa mbuzi hukamua tui la kwanza na la pili, akakandia lile jepesi zaidi. Wa tui la pakiti asipoliongezea maji hupata unga mzito usioumuka vizuri, naye huongeza hamira kufidia. Hapo utasikia "mahamri ya siku hizi yananuka hamira," na sasa una gramu za kulieleza lalamiko hilo. Yakikataa kufura, kwanza shuku kusukumwa mno. Yakinywa mafuta, moto ulikuwa mdogo. Andika pia moto wenyewe, makaa au gesi.

Nyimbo

Mwulize kila mmoja: harusini kwenu zilipigwa nini, kwa mpangilio gani, na nani alipiga? Mjukuu asiyeoa aseme angetaka nini. Kisha mchezee vipande vya sekunde 30, bila kutaja mwimbaji: Zein l'Abdin na udi wake, Juma Bhalo na mahadhi yaliyotoka filamu za Kihindi, Zuhura Swaleh na taishokoto (kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo) ikienda kwa mwendo wa chakacha, muziki wa bango wa Mzee Ngala wa Freretown, kisha taarabu ya kisasa na bongo fleva. Andika anayemtambua, sekunde ya ngapi, na kama anaweza kuendeleza ubeti. Kutambua na kuweza kuimba ni vitu viwili. Cha pili ndicho kinachoonesha kilichorithiwa.

Usitumie nyimbo kuwa ushahidi wa matamshi. Mizani na vina huliweka "mato" mahali pake, kwa hiyo kijana asemaye "macho" nyumbani ataimba "mato" bila kufikiri.

Upande wa wanawake harusini, penye lelemama na chakacha, arekodi mwanamke aliyealikwa, kwa idhini ya mwenye shughuli, sauti peke yake. Picha humo zinaharibu imani ya mtaa mzima.

Mtego wa umri, na kanda za zamani

Ukimlinganisha nyanya wa miaka 75 na mjukuu wa 17 leo, hujui kama umeona mji ukibadilika au umeona ujana. Maneno mengine ya kijana huachwa akishaoa. Dawa ni kuwalinganisha watu wakiwa na umri mmoja, na hazina yake iko makabatini: kanda za harusi, za maulidi, na za salamu zilizotumwa na ndugu waliokwenda kufanya kazi Uarabuni. Mama aliyerekodiwa 1982 akiwa na miaka 35, na binti yake akiwa na 35, hao ndio wa kulinganisha.

Kanda isichezwe kabla ya kukaguliwa. Unga mweupe ukingoni mwa utepe ni ukungu wa unyevu wa pwani; iweke kando, usiiingize kwenye mashine utakayotumia kwa nyingine. Ikiwa safi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja ili utepe ulegee. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukisubiri ikauke. Unganisha kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta, ukiacha vilele vya sauti visipite desibeli −6.

Kisha kagua mwendo, maana kanda inayoburura hushusha sauti na kumfanya mtu aonekane msemaji wa polepole. Icheze kwa betri mpya, si umeme, ufungue sauti kwenye programu ya Audacity na utazame chati ya masafa sehemu isiyo na maneno. Umeme wa Kenya ni hezi 50. Kanda iliyorekodiwa kwa mashine ya umeme mara nyingi huacha mvumo hapo. Ukiukuta kwenye 47, kanda inakwenda taratibu. Ongeza mwendo kwa asilimia 6.4. Usipouona mvumo wowote, linganisha na wimbo unaosikika ndani ya kanda ambao una nakala yake nzuri.

Majina ya faili yasiwe majina ya watu. Andika mwaka wa kurekodi, mtaa, kizazi na mwaka wa kuzaliwa: 1982_Kuze_K1_1947.wav (K1 ni kizazi cha nyanya na babu). Ufunguo wa majina ukae kwenye daftari, mbali na kompyuta. Weka nakala tatu, moja nje ya nyumba, na moja uwape wenye sauti zao. Maswali, vipande vya nyimbo na picha za zoezi zihifadhiwe pamoja na rekodi bila kubadilishwa, kwa sababu mjukuu huyu atahitaji kurekodiwa tena kwa maswali yaleyale akifika miaka 35.